Bibi mgongo umepinda: tumkalishe au tumwache atembee?

Wiki ilopita tulikaa dakani, pale ukumbi wa mlangoni, nyumbani Mkomani, Lamu, kupanga mambo ya arusi, mazungumzo yakaishia kwa bibi. Ana miaka 78, mgongo umepinda mpaka akitembea anaona mawe ya njiani tu, na kila Ijumaa lazima apite Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, mpaka mtaa wa Langoni kumuona dadake. Wajomba wakasema basi, sasa akae nyumbani. Mama akasema mkimkalisha ndo mtamuua mapema. Mimi naona kila upande umeshika ukweli lakini wote wameacha jambo lenyewe kando, ntaeleza.

Hofu ya wajomba si ya bure. Mgongo ukipinda uzito wa mwili unakwenda mbele, mtu anafupisha hatua, anaburuta miguu, na kwa vile macho yako chini hamuoni punda wa mchanga mpaka amfikie, na vichochoro vyetu mnavijua, punda wawili wakipishana wewe unabana ukutani na mtaro uko hapo chini ya mguu. Mtu mwenye mifupa iliyolika akianguka nyonga inaweza kukatika, na kati ya wazee 5 wanaovunjika nyonga karibu 1 hafikishi mwaka. Na ikihitajika kumpeleka hospitali ya mbali ni boti kwanza mpaka Mokowe ndo barabara ianze. Hata hiyo boti yenyewe, ikipigapiga juu ya mawimbi inaweza kubonyeza pingili ya mgongo, kwa hivo mzee wa namna hii akae tezi, yaani nyuma, si omo kule mbele, na nahodha aombwe apunguze mwendo.

Sasa upande wa mama. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007, wazee 12 wazima kabisa walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama za miguu. Siku 10! Na hao hawakuwa na ugonjwa wowote. Mfupa nao ni hivohivo, usipobebeshwa uzito unazidi kulika. Kwa hivo ukimkalisha bibi miezi 3 hujamkinga na kuanguka, umemuandalia, manake usiku ataamka tu kwenda chooni na miguu haina nguvu tena, na ngazi za nyumba zetu za mawe zile nyembamba za kusimama wima hazimsamehi mtu.

Hapa ndo nilipoona tunabishania kisicho chenyewe. Ostioporosisi, yaani huko kulika kwa mifupa, kwenye uti wa mgongo ni hivi, mfupa kwa ndani unakuwa kama jiwe la matumbawe lililoliwa na chumvi, kwa nje liko vilevile lakini ndani ni matundu. Pingili inabonyea upande wa mbele, na zikibonyea kadhaa mgongo unapinda. Mara nyingi hakuna ajali yoyote, ni kuinama tu au kunyanyua kitu, na nyingi ya hizo pingili hazigunduliwi, karibu theluthi mbili, watu wanasema ni uzee. Bibi amekuwa mfupi, buibui lake la zamani sasa linaburura chini, na hakuna hata mmoja wetu alojiuliza kwa nini.

Mwaka 1984 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani juu ya wanawake wenye tatizo hilihili. Waliofanya mazoezi ya kuinama mbele, asilimia 89 walipata pingili mpya zilizobonyea. Waliofanya ya kunyoosha mgongo ilikuwa 16. Walikuwa wachache, 59 wote kwa jumla, kwa hivo nisizitie chumvi namba, lakini njia inayoonyesha iko wazi.

Basi mtizame bibi akiwa "amepumzika" nyumbani. Anakuna nazi, ameketi juu ya mbuzi amejikunja. Anafagia kiwanda, ule ua wa ndani, kwa fagio fupi. Ananyanyua ndoo, anambeba kitukuu. Yaani hiyo safari ya Langoni tunayoiogopa ndo saa pekee anayojaribu kunyoosha mgongo wake!

Kwa hivo mimi nasimama na mama, ila kwa masharti. Atoke asubuhi mapema kabla punda wa mizigo hawajajaa. Fimbo ziwe mbili, na mshikio ufike kwenye kifundo cha mkono, manake fimbo fupi inazidi kumkunja. Viatu vya kufunga, si ndara. Anayemsindikiza atembee ubavuni, asimvute mkono. Asali kwenye kiti, asiiname. Hilo alikataa mwanzo, anaona kama anapunguza ibada, mpaka imamu alipomwambia ruhusa ipo kwa asiyeweza. Na siku maumivu yakija makali ghafla hapo wajomba wako sawa, alale, lakini siku chache, sio wiki.

Kuna jambo lingine linanikera. Zahanati moja walimpa vidonge vya maumivu vya kulewesha wakasema ni umri, basi, hakuna aliyempima urefu wala kuuliza kama miguu inakufa ganzi. Si kila mzee anayeshindwa kutembea ni mifupa kulika, wengine mishipa imebanwa mgongoni, hao wakiinama au wakiketi wanapata nafuu. Na miguu ikiisha nguvu ghafla, au ganzi ikashika sehemu za siri, au mkojo ukatoka bila yeye kujua, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama maji yamekupwa.

Mjomba mkubwa bado hajakubali, akaniuliza nani atakuna nazi sasa. Mbuzi nimeshaipandisha juu, nazi nakuna mimi na dadangu, na Ijumaa hii zamu ya kwenda Langoni na bibi ni ya mjomba mwenyewe.