Biashara ya Atlantiki Ilipita Kwetu Pia

Muulize kijana yeyote aliyemaliza kidato cha nne Tanzania au Kenya kuhusu watumwa waliovushwa kwenda bara la Amerika, atakutajia Ghana, Senegal, Nigeria, na akijitahidi sana, Angola. Muulize kuhusu watumwa wa huku kwetu, atakutajia Zanzibar, Bagamoyo, Tippu Tip na Waarabu. Kichwani mwake ziko biashara mbili, kila moja na bahari yake, na hazijuani. Simlaumu. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo mitihani ilivyotaka tujibu.

Lakini tarehe 27 Desemba 1794 kuna meli ya Kireno, São José, iliyopasuka kwenye miamba ya Clifton, pale Cape Town, kiasi cha mita 100 tu kutoka ufukweni. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 400, wengi wao Wamakua, waliopakiwa kwenye Kisiwa cha Msumbiji wiki chache kabla. Walikuwa wanapelekwa Maranhão, kaskazini mwa Brazil, kwenye mashamba ya pamba na mpunga. Nahodha Manuel João Perreira na mabaharia wake waliokoka wote. Mateka wapatao 212 walikufa maji. Waliofika nchi kavu wakiwa hai waliuzwa papo hapo Cape Town, siku chache tu baada ya kuwaona wenzao wakizama.

Hayo tunayajua kwa sababu nahodha alikwenda kutoa maelezo mbele ya mamlaka za Wadachi waliokuwa wakiitawala Cape, na karatasi zake zikabaki kwenye nyaraka za huko. Mabaki ya meli yenyewe yalionwa na wasaka hazina tangu miaka ya 1980, wakayadhania ni ya meli ya Wadachi ya zamani zaidi. Kilichokuja kuifichua ni farumi. Wazamiaji walikuta vipande vya chuma chini ya maji, na hati za Lisbon zikaonyesha kwamba São José ilipoondoka kule Aprili 1794 ilikuwa imebeba zaidi ya vipande 1,000 vya aina hiyo. Aliyezoea jahazi anajua kazi ya farumi: chombo kisipokuwa na uzito wa kutosha chini, hakitulii. Mizigo mingine inatosha kukituliza, ila watu ni wepesi, tena wanasogea, wanaugua, wanakufa, na wakifa wanatupwa, na chombo kinazidi kuwa chepesi. Kwa hiyo mwenye meli alishapiga hesabu akiwa bado Lisbon, kabla hajamwona Mmakua hata mmoja. Vile vyuma ndivyo vinavyoniuma kuliko hata pingu, maana pingu unaweza kuikuta gereza lolote.

Utafiti huo uliongozwa kwa upande wa Afrika Kusini na Jaco Boshoff wa makumbusho ya Iziko, na ukatangazwa rasmi mwaka 2015. Udongo uliletwa kutoka Mossuril, ng'ambo ya Kisiwa cha Msumbiji, ukamwagwa baharini pale meli ilipozama. Baadhi ya vyuma vikaenda kuoneshwa kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington, iliyofunguliwa mwaka 2016. Huku kwetu habari hiyo ilipita kama habari za watu wengine. Na Wamakua si watu wengine. Wako Masasi, wako Nanyumbu, wako Tunduru. Mto Ruvuma ni mpaka wa serikali. Ndugu wamebaki ndugu.

Kwa nini Mreno anayetafuta watu wa kupeleka Brazil aizunguke Afrika nzima mpaka Msumbiji, ilhali Angola iko karibu zaidi? Ni soko tu. Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliasi, na koloni lililokuwa likiongoza duniani kwa sukari likaporomoka. Brazil ikaona nafasi, na mikono ikahitajika. (Na huko Saint-Domingue kwenyewe walikuwamo watu wa Msumbiji, maana meli za Ufaransa zilikuwa zimeshaanza kuwachukua.) Kisha mwaka 1815 Ureno ikakubaliana na Uingereza kuacha kununua watumwa kaskazini mwa Ikweta, na wafanyabiashara wakazidi kugeukia kusini. Safari ya Msumbiji ilikuwa ndefu kupita kiasi, zaidi ya miezi miwili hata bahari ikiwa shwari, na vifo vilikuwa vingi kuliko kwenye meli za Angola. Ila mtu alinunuliwa kwa bei ya chini, na tofauti hiyo ililipia hata waliokufa njiani.

Hata ile "biashara ya pembetatu" tuliyochorewa ubaoni haitoshi hapa. Msumbiji mtu alinunuliwa hasa kwa vitambaa vya pamba kutoka Gujarat, vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi wa Diu na Daman. Kitambaa kimefumwa India, mtu anatoka bara la Msumbiji, anakwenda kulima pamba Brazil, na pamba hiyo inaishia kwenye viwanda vya Uingereza. Sijui utauchoraje huo uwe pembetatu.

Kuna watakaosema idadi ni ndogo. Kati ya watu wapatao milioni 12.5 waliopakiwa kuvushwa Atlantiki, waliotoka upande wetu wa kusini mashariki ni zaidi kidogo ya nusu milioni, kama asilimia 4. Sawa. Lakini hao ni wengi kuliko wote waliopakiwa kupelekwa moja kwa moja kwenye nchi tunayoiita Marekani. Picha yetu ya utumwa imejaa mashamba ya pamba ya Mississippi kwa sababu Marekani ndiyo inayotengeneza filamu. Brazil peke yake ilipokea watu karibu milioni 5. Mpaka leo kwenye jimbo lake la Minas Gerais, kwenye sherehe za Bikira Maria wa Rozari, kuna kikundi kinachoitwa Moçambique, wanaocheza wamefunga njuga miguuni, na wao ndio wenye heshima ya kumsindikiza mfalme na malkia wa sherehe. Kuba nako jina "macuá" lilibaki kuwa jina la kabila.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wengi wetu tunaikwepa. Wareno hawakuwa na ubavu wa kuingia bara kukamata watu. Waliletewa. Walioleta walikuwa machifu wa Kimakua waliopigana wao kwa wao, misafara ya Wayao, na masheikh wa miji ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji: wa Sancul, wa Quitangonha, wa Angoche. Hao masheikh ni watu wa pwani yetu hii hii ya Waswahili, Waislamu, wenye majahazi na nasaba. Ureno ilipopiga marufuku kusafirisha watumwa mwaka 1836, Angoche ndiyo kwanza ikanawiri, kwa kuwa haikuwa mkononi mwa Wareno na meli za Brazil na Kuba zilijua pa kwenda. Musa Quanto wa Angoche, aliyewasumbua Wareno kwa miaka mingi, anakumbukwa kama shujaa wa upinzani. Na alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Yote mawili ni kweli kwa mtu huyo huyo, na sioni faida ya kuficha moja.

Nasema hivi kwa sababu suala la fidia limerudi mezani. Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa kudai haki na fidia. Mwaka mmoja kabla, Rais wa Ureno wa wakati huo, Marcelo Rebelo de Sousa, alisema nchi yake inapaswa kubeba gharama za yale iliyoyafanya enzi za utumwa na ukoloni. Serikali yake ikajibu haraka kwamba haina mpango wowote wa namna hiyo. Mazungumzo haya Afrika Mashariki tunayasikiliza kama wageni kwenye msiba wa jirani. Wakati Lisbon ina karatasi zinazotaja meli iliyokuja kuchukua watu huku, mzigo wake wa vyuma na mwaka iliyong'oa nanga.

Atakayekwenda mezani kudai atawekewa jina la Angoche mbele yake kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, ili anyamaze. Afadhali alitaje yeye mwenyewe mapema. Chifu aliyeuza jirani yake alilipwa vitambaa, na vitambaa vilichakaa. Mashamba ya Maranhão, meli, benki na viwanda vilivyokula jasho la yule aliyeuzwa viliendelea kuzaa faida kizazi baada ya kizazi, na hesabu hiyo inaweza kupigwa kwa tarakimu, kama mwenye São José alivyovipigia hesabu vyuma vyake.