Mikopo ya asilimia 10: benki imekuja, nani anawajua wakopaji?

Aprili 2023, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuwa serikali imesitisha mikopo ya asilimia 10. Ni fedha ambayo sheria inaitaka kila halmashauri Tanzania iitenge kutoka mapato yake ya ndani: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ilikuwa imeanika yaliyokuwa yakisemwa vijiweni siku nyingi, mikopo kwa vikundi hewa na marejesho yasiyoonekana. Mwaka 2024 mikopo ikafunguliwa tena, na halmashauri 10 zikateuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, Jiji la Dar es Salaam na Jiji la Dodoma yakiwamo.

Wanaoitetea benki wana hoja nzito. Chini ya utaratibu wa zamani afisa maendeleo ya jamii wa kata anapokea maombi, vikao vya halmashauri vinayapitisha, halafu madiwani, ambao nao wamo katika vikao hivyo, ndio wanaotakiwa kuuliza fedha imekwenda wapi. Diwani atambana vipi mama aliyemzungushia kampeni mtaa mzima? Na hundi yenyewe ilikuwa ikitolewa uwanjani, kubwa kama mlango, mgeni rasmi akipigiwa vigelegele. Ukishapokea fedha namna hiyo, ukaambiwa ni upendo wa serikali kwako, neno deni linakutoka kichwani kabla hujafika nyumbani.

Niliwahi kuonyeshwa daftari la mikutano la kikundi kimoja cha vijana. Tarehe tano tofauti, ila saini zote zilikuwa za peni moja ya kijani, na mwandiko ule ule ukijitahidi kubadilika. Mtu yeyote angeliona. Lakini nakala yake ilikuwa imegongwa mihuri yote inayotakiwa.

Benki itaukata mnyororo huo wa kujuana, sina ubishi. Shida ni kwamba mikopo hii iliwekwa kwa ajili ya watu ambao benki ilishawapita. Muuza mihogo wa Buguruni hana hati ya nyumba wala hesabu za mwaka, na afisa mikopo hajui kama anafunga meza saa nne usiku au hafungui kabisa. Afisa maendeleo anajua, maana anapita pale kila siku. Kumwondoa kwa sababu baadhi ya wenzake walikula njama ni kutupa macho pamoja na mikono iliyoiba.

Halafu kuna jambo ambalo pande zote mbili huliruka. Halmashauri ikiitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, swali linalomtoa mkurugenzi jasho ni: mmetenga kiasi gani, mmekusanya kiasi gani? Ni swali halali, fedha ni ya umma na ikirudi inamkopesha mwingine. Ila mkurugenzi anayepimwa kwa marejesho peke yake atakopesha wanaolipa, yaani wenye duka tayari. Hesabu zitang'aa, na kijana asiye na kitu atabaki kuzungusha barua. Sijasikia swali la biashara ngapi bado ziko hai miaka miwili baada ya mkopo likiulizwa kwa ukali huo huo.

Mimi nipo upande wa benki kwa kazi ya kutoa na kukusanya fedha, kwa sharti kwamba sauti ya nani anastahili ibaki mtaani. Na mtaani sio ofisini. Majina ya vikundi, viongozi wao na kiasi watakachopewa yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla fedha haijatoka. Wapo watakaosema hiyo ni kuwaanika maskini, na kwa mkopaji mwenye ulemavu asiyependa hali yake ijulikane hoja hiyo ina uzito. Jina lake linaweza kuachwa. Kwa wengine, sioni aibu ya kukopa fedha halali. Kikundi hewa kinaweza kumpita mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka. Hakiwezi kumpita jirani anayejua kwamba hiyo "ofisi ya kikundi" ni banda la kuku la mjomba wa katibu.

Ubao wa ofisi ya mtaa wetu una nafasi ya kutosha. Mara ya mwisho nilipita, ulikuwa na tangazo moja tu, la ng'ombe aliyepotea.