Mwarobaini, fedha na bakteria: tusikimbilie kunywa

Soko la Majengo hapa Dodoma, unga wa mwarobaini hauhitaji kupigiwa debe. Jina lenyewe linajinadi kwa maradhi arobaini. Sasa maabara mbalimbali duniani zimeuongezea kazi: kutengeneza chembe nano za fedha, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, za kuulia bakteria. (Fedha ya vidani, si ya mfukoni.)

Kazi yenyewe inapendeza kuitazama. Majani huoshwa vumbi, huchemshwa, na maji yake huchujwa kama chai. Ukiyamimina kwenye maji yenye naitreti ya fedha kidogo (chumvi ya fedha inayoyeyuka majini), ile njano iliyopauka huanza kugeuka, na baadaye chupa nzima huwa kahawia iliyokolea. Kemikali za jani, zikiwamo polifenoli, zimezipa ayoni za fedha (atomi za fedha zilizopungukiwa elektroni) elektroni, zikajikusanya kuwa chembe zisizozidi nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kemikali hizohizo huzizingira chembe zisigandane. Bila jani, mkemia huhitaji kitu kama sodiamu borohaidraidi, ambacho ni sumu. Kwa chuo chenye bajeti nyembamba, jani la bure uani si jambo dogo.

Na fedha inaua kweli. Huharibu utando wa bakteria na kuzikamata protini zake, ndiyo maana krimu ya silva salfadiazini, yenye fedha ndani yake, imekuwa ikipakwa kwenye majeraha ya moto tangu miaka ya 1960. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Silaha inayopiga sehemu kadhaa kwa mpigo haidharauliwi.

Kinachonitia shaka ni jani. Lililochumwa Februari mvua ikinyesha na lile la Septemba, upepo ukitutia vumbi machoni, hayalingani kikemia. Jani likibadilika, ukubwa wa chembe nao hubadilika, na ukali wake hufuata. Pilau ikizidi bizari tunakula hivyohivyo. Dawa haina msamaha huo. TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambao makao yao makuu yako hapahapa mjini, hawawezi kusajili dawa ambayo kila chupa ina nguvu yake.

Tena, bakteria kufa kwenye sahani ya maabara hakujawa kidonda kupona. Wala fedha si kinga dhidi ya usugu: mwaka 1975 iliripotiwa salmonela iliyoizoea, katika wodi ya majeraha ya moto huko Boston.

Neno "asili" ndilo linaloniudhi zaidi. Jani ni la asili, sawa, lakini kilichomo chupani ni metali. Wanaokunywa maji ya fedha kwa muda mrefu wanaweza kugeuka ngozi rangi ya kijivu-bluu, na hairudi.

Kwa bandeji na vitambaa vya hospitali, mimi naunga mkono utafiti uendelee. Ila ningeanza na mwarobaini mmoja tu pale Chimwaga: uchumwe kila mwezi kwa mwaka mzima, uzito uleule, maji yaleyale, chupa kumi na mbili zipangwe dirishani. Zikitofautiana rangi, tuanzie hapo.