Ndege za Marekani, sitaha ya Uingereza

Kila zinapotoka picha za mataifa rafiki yakifanya mazoezi kwenye manowari za kubebea ndege, mjadala wetu Kampala huwa mfupi: wakubwa wanatunishiana misuli, sisi hata bahari hatuna. Kweli hatuna. Ila petroli yetu hushushwa Mombasa kabla ya kufika Malaba, na waasi wa Houthi wa Yemen walipoanza kupiga meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, meli nyingi zililazimika kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema.

Wanaopinga mazoezi haya wana hoja. Zoezi la kijeshi la baharini liitwalo Malabar, lililoanzishwa na India na Marekani mwaka 1992, lilipowaingiza Japani, Australia na Singapore mwaka 2007, China ilikuja juu. Australia ikajitoa, isirudi hadi 2020. Zoezi la kujihami laweza kabisa kuzaa uadui.

Lakini anayeyaita mazoezi haya maonyesho hajatazama sitahani. Ufaransa ina manowari moja tu ya aina hii, Charles de Gaulle. Ilipoingia matengenezo ya miezi 18, marubani wake wangetua wapi? Kazi hii ukiiacha, mkono husahau. Basi mwaka 2018 wakapeleka ndege za kivita 12 aina ya Rafale kwenye manowari ya Marekani, USS George H.W. Bush. Pale rubani hutua kwa kunasa waya kwa ndoana ya mkiani. Akiukosa, apae tena papo hapo. Chini yake wenye fulana za njano wanaongoza ndege, za zambarau wanajaza mafuta, nyekundu wanashughulika na mabomu. Ishara moja ya mkono isipoeleweka, mtu anafyonzwa na injini. Hayo hayajifunzwi siku ya vita. Wanajeshi wetu waliotangulia Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika Machi 2007, na Warundi waliowafuata Desemba, walizoeana risasi zikilia.

Hesabu inayonisumbua ni ya 2021. Manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, HMS Queen Elizabeth, ilipofanya safari yake kubwa ya kwanza, ilibeba ndege za kivita 18 aina ya F-35B: nane za Uingereza, kumi za Marekani. Wageni wengi kuliko wenyeji! London ikitaka kuingia vitani, lakini Washington isitake, hizo kumi haziruki. Hapo hoja ya uhuru wa nchi inauma kwelikweli, wala siipuuzi. Ila zitoe hizo kumi: inabaki meli ya paundi bilioni 3 na ushei, sitaha ya mita 280 hivi, na ndege nane.