Mgongo Wangu Mzima

Mimi nina mgongo mzima kabisa. Naweza kuinama nikaokota sindano chini ya cherehani bila kushika meza. Lakini ukiuliza mtu yeyote pale soko la Kibuye, Kisumu, kuanzia wauza mitumba hadi mama wa chai, atakwambia fundi anasumbuliwa na mgongo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia. Mzee wa miaka 58 akiinuka kwenye cherehani kila nusu saa, lazima awe na sababu yenye heshima. Mgongo unapewa pole, unapewa kiti, unaletewa hata dawa ya kuchua. Sasa wewe jaribu kutangaza sokoni kwamba shida yako ni mkojo, uone ni mteja gani atakubali umpime kiuno.

Daktari alinipima sukari, hakuna. Akapima mkojo, hauna wadudu. Tezi dume akaikagua (alivyoikagua tuyaache huko huko), akasema haina neno. Ndipo akaniambia nina kibofu chenye papara. Msuli wake unajibana kabla ya wakati. Kibofu cha mtu wa kawaida kinabeba kama mililita 400 mpaka 500, na kinamtuma chooni mara saba au nane kwa siku. Changu kikionja nusu kikombe tu kinapiga kamsa kama kimemeza ziwa. Niliambiwa niandike siku 3 nakwenda mara ngapi, nikaandika kwenye daftari lile lile la vipimo vya wateja: 16, 14, 17. Mama watoto alipoliona akaniuliza ni nani huyo anayetaka suruali yenye miguu isiyolingana.

Dawa nilipewa. Inasaidia, siikatai, ila inakausha mdomo mpaka ulimi unakwama kwenye meno. Kwa hiyo nakunywa maji. Nikinywa maji, mnajua yanakwenda wapi. Nikigoma kunywa, mkojo unakolea, unakiwasha kibofu, kelele zinazidi. Na chai, mtu wa magharibi mwa Kenya, mniambie mimi chai nitaiachaje? Nimepunguza. Nikienda kwa watu nashika kikombe kwa adabu kama mtu anayeshika mtoto wa jirani, narudisha kikiwa kimejaa, mwenye nyumba ananuna.

Lakini kuna hili ambalo hata daktari alicheka nilipomweleza, kisha akasema ni kweli linatokea. Kibofu hiki kinajifunza tabia. Ufunguo wa nyumbani ukiingia tu kwenye kitasa, kinadhani tumefika, kinataka kufungua kabla ya mlango. Bomba likimwagika kwa jirani, kinaitikia. Kibaya kuliko vyote ni mkanda. Mkono ukigusa kile chuma cha mkanda, basi, kazi imeanza. Ndiyo maana miaka hii mitatu sivai mkanda. Suruali zangu najishonea mwenyewe, mbele zinaonekana za ofisi, nyuma nimetia lastiki. Sekunde moja, mambo yamekwisha.

Sasa msichana wangu wa pili, yule anayekaa Kitengela, akapiga simu kwamba mtoto anabatizwa. Akasema, "Baba, najua mgongo wako hauwezi basi saa nane. Nimekulipia ndege."

Nikashukuru. Ungefanya nini? Baba hawezi kumwambia binti yake habari za mkojo. Lakini moyoni nililia, kwa sababu barabara ile naijua. Kilomita kama 350 kutoka Kisumu hadi Nairobi, wengine wanaihesabu kwa miji, mimi naihesabu kwa vyoo. Awasi kuna kimoja hakina komeo. Kericho kuna kizuri, shilingi 20, na ukizidiwa majani ya chai yapo. Nakuru basi linasimama hata usipoomba. Nakaa nyuma ya dereva, namnunulia makanga soda asubuhi mapema, safari nzima sisi ni ndugu. Basi linasimamishwa. Ndege nani ataigonga bati aseme, "Dere, weka hapo kando"?

Watu wakaniambia usijali, ni dakika 50 tu. Hizo 50 wanazihesabu tangu inaporuka hadi inapotua. Hawahesabu foleni, hawahesabu kukaa ndani mlango umefungwa, hawahesabu kutambaa chini kama kobe baada ya kutua. Mwenye kibofu kama changu anahesabu kitu kimoja tu: kuanzia choo cha mwisho hadi choo kinachofuata.

Na bado nilikuwa sijaona zawadi yenyewe. Suti. Binti aliituma kwa basi, nyeusi, nzuri kweli, mshono wa mashine, mimi fundi nimesifu. Suruali ina vifungo vinne badala ya zipu. Na ndani ya mfuko, umekunjwa vizuri kwenye karatasi yake, mkanda.

Siku ya safari boda boda akanipitishia kila tuta la barabara ya Busia. Nikafika uwanjani saa mbili kabla, nikakuta kijana mwenye koti la kung'aa ananingoja na kiti cha magurudumu. "Jaduong', mzee wetu, karibu. Msichana wako amesema mgongo unasumbua."

Ndugu zangu, uongo una riba. Nilitaka kumwambia naweza kutembea, lakini binti ameshaandika huko kwenye tiketi. Nikaketi. Nikasukumwa.

Tukafika kwenye ukaguzi. Dada wa pale akaniamkia kwa heshima zote, kisha akasema, "Mzee, toa mkanda."

Nikakishika kile chuma. Tlak. Kibofu kikasema: tumefika! Nikaanza zoezi nililofundishwa, bana, achia, bana, achia, haraka haraka mara tano, uso nimeukunja kama nimeng'ata ndimu. Dada akanihurumia mpaka macho yakamlegea.

"Pole, mzee. Unauma sana eh?"

"Sana, mama," nikasema, na hapo sikudanganya.

Kijana yule alikuwa mwema, Mungu ambariki, na wema wake ndio ulionimaliza. Kila nikitaka choo alikataa nitembee. Ananisukuma hadi mlangoni, anangoja nje, ananirudisha mahali petu. Mara ya kwanza akasema karibu. Mara ya pili akasema hakuna shida. Mara ya tatu, na haikuwa imepita hata nusu saa, akainama akaninong'oneza, "Jaduong', kwani jana ulikula nini?"

Mara ya nne sikuthubutu. Na ile ya nne ndiyo niliyoihitaji.

Sikujua kwamba watu wa kiti cha magurudumu huingizwa ndegeni wa kwanza na hushuka wa mwisho. Wanaita heshima. Nikapandishwa ngazi nimeshikwa kiwiko, nikawekwa mstari wa tano, dirishani, kwa sababu binti alitaka nione ziwa. Pembeni yangu akaja mama mmoja wa kitenge mwenye mwili wa baraka, na upande wa njia kijana aliyefungua kompyuta, akalala kabla haijawaka. Nikaangalia nyuma kule choo kilipo. Watu wanaingia na mabegi, njia imejaa, na mimi ndiye mgonjwa wa mgongo. Mhudumu akapita, akaniinamia.

"Funga mkanda, baba."

Angalieni dunia hii. Kule chini fungua mkanda, huku juu funga mkanda. Na huu wa ndege umewekwa wapi? Juu ya kibofu hasa, kama uliopimwa na fundi.

Ndege ikaruka. Uwanja wa Kisumu uko ukingoni mwa maji, kwa hiyo nikitazama dirishani ni ziwa. Nikifumba macho nikafumbua, bado ni ziwa. Kilomita za mraba zaidi ya 68,000, la pili duniani kwa upana katika maziwa ya maji baridi, niliyasoma hayo shuleni nikajivuna. Siku ile niliona ni maji mengi kupita kiasi. Mama wa kitenge akaniegemea akasema, "Si ni maridadi?" Nikavuta pazia la plastiki.

Mkanda, taa yake haikuzimika. Ilikuwa alasiri, na mwenyeji yeyote anajua alasiri huku mawingu yanafanya mkutano. Ziwa linapeleka unyevu, milima ya Nandi na Kericho inaupokea, basi juu huko ni ngumi tupu. Rubani akasema kwa sauti ya mtu aliyekwenda haja asubuhi vizuri, kwamba tuendelee kukaa. Ndege ikaruka tuta. Ikaruka jingine. Nilidhani matuta nimeyaacha barabara ya Busia.

Taa ilipozimika nilikuwa tayari nimesimama nusu. Nikamwambia mama, "Samahani mama yangu," akasema hakuna neno, akaanza kuinuka kwa awamu. Kijana wa kompyuta tukamtikisa. Nikatoka njiani, na nani yuko mbele yangu akija na kigari chake? Mhudumu. "Juisi au maji?" Na anamimina. Polepole, kwa ustaarabu, kutoka juu, ile sauti yake ikichuruzika kwenye gilasi ya plastiki.

Sitaeleza nilipitaje pale. Naomba tu radhi kwa bwana wa kiti cha 9 ambaye nilimkalia.

Choo cha ndege ni kabati la sufuria lililotiwa sinki. Nimeingia, mlango ukakunjika ukanigonga kisogo, kofia ikaanguka mahali pabaya. Mkanda, tlak. Kibofu: tumefika! Ngoja, bado vifungo. Nimeshona vifungo miaka 35, navijua, lakini tundu la kiwandani lililochanwa jembamba halijawahi kuvaliwa, kifungo kinapita kwa kusukumwa ubavu na ukucha, ubavu na ukucha, huku ndege inayumba na mkono mmoja umeshika ukuta. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu nikakikata kwa nguvu, kikaruka, nikakisikia kikizunguka kwenye sinki kama shilingi. Cha nne sikukingoja.

Nilifika. Naomba iandikwe kwamba nilifika. Ndipo kengele ikalia, ting, taa ikawaka, na sauti ikasema abiria wote warudi vitini wafunge mikanda.

Daktari alinifundisha kwamba ukimaliza usikimbie, ngoja kidogo kisha ujaribu tena, kipate kuisha kabisa. Mlango ukagongwa. "Baba, uko sawa? Mgongo?" Nikasema mgongo uko sawa, naupa tu nafasi.

Tukatua Nairobi. Watu wakashuka wote, na mimi nimeketi kwa heshima zangu, mpaka wafagizi wakaingia. Hapo zilikuwa zimepita dakika 40 tangu lile kabati, na kibofu kimeanza kukohoa. Kijana mwingine, kiti kingine, na huyu alikuwa na haraka. Tukapita choo cha kwanza kama upepo. "Kijana," nikasema. "Usijali, mzee, msichana wako yule pale nje!" Kweli, nikamwona anapunga mkono. Na mkono wa kushoto kwake, kimchoro cha mtu mweupe kwenye kibao cha buluu.

Niliruka. Sikumbuki kuamua. Kilichobaki nyuma yangu ni kiti kinazunguka, na mama mmoja asiyenijua akipaza sauti, "Bwana asifiwe!"

Nilipotoka, nimeshika suruali yenye vifungo vitatu, binti yangu alikuwa amesimama na begi langu. Aliangalia mlango wa choo, akaniangalia mimi, akaangalia kile kiti. Hakuuliza mgongo. Akasema, "Shikamoo Baba. Gari liko huku."

Barabara ya Mombasa ilikuwa imefunga, malori na magari yamekaa. Tukaongea habari za ubatizo, za mama yake, za bei ya mahindi. Hatujafika mbali akakata kona kuingia kituo cha mafuta.

"Acha niangalie upepo wa tairi, Baba. Wewe nyoosha miguu."

Nikanyoosha mpaka nyuma ya jengo. Niliporudi alikuwa bado kwenye usukani, amefunga mkanda wake, anasoma simu.

"Tairi liko sawa?"

"Liko sawa, Baba."

Tukaingia tena kwenye jamu. Mlolongo ilipokaribia sikuwa nimesema neno wala sikuwa nimejikunja, nikasikia tu indiketa, tik, tik, tik.

"Sasa nadhani ni lile la nyuma," akasema.