Kiini chembamba au kinene? Njia ya mwanga ndani ya chipu

Mkongo wa kioo hupoteza takriban desibeli 0.2 (kipimo cha kupungua kwa mwanga) kwa kilomita nzima. Ndani ya chipu hali ni nyingine kabisa: njia ya silikoni huweza kupoteza desibeli 2 kwa sentimita moja, yaani zaidi ya theluthi ya mwanga. Ndiyo maana wabunifu wengi wamehamia kwenye utando wa silikoni naitraidi, mchanganyiko wa silikoni na naitrojeni unaopoteza mwanga kidogo zaidi. Wanachobishania ni unene wa kiini, yaani ukanda wa utando huo unaoongoza mwanga.

Wanaotetea wembamba wana hoja nzito. Mwanga hutawanywa zaidi na mikwaruzo inayobaki kwenye kuta za pembeni baada ya kuchonga. Kiini kipana chenye unene wa nanomita 40 hadi 100 kina ukuta mfupi mno, na sehemu kubwa ya mwanga husafiri nje yake, katika kioo kinachokizunguka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, pamoja na wenzao, walishuka chini ya desibeli 0.1 kwa mita.

Lakini mwanga ulioshikwa kwa ulegevu hauvumilii kona. Ukiukunja ghafla, unamwagika. Kona lazima ziwe za milimita kadhaa, saketi inatanuka, na kila chipu inakuwa ghali.

Kiini cha nanomita 800 hivi huubana mwanga, kona zikashuka chini ya milimita moja. Taabu iko kiwandani: utando ukizidi nanomita 400 hivi, mvutano wake wenyewe huupasua. Huko Lausanne, Uswisi, watafiti wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia, waligeuza utaratibu: wanachimba mifereji kwenye kioo kwanza, kisha wanaijaza silikoni naitraidi. Halafu kuna hidrojeni iliyobaki ndani ya utando, inayomeza mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1520. Kuifukuza kunahitaji joto la nyuzi 1200 za Selsiasi hivi, na aluminiamu ya nyaya huyeyuka kwa 660. Nyaya hizo za umeme hazina budi kusubiri hadi joto hilo lipite.

Kwa mawasiliano, mimi nachagua kinene. Katika chipu ya kupokea na kutuma data mwanga husafiri sentimita chache tu. Kwa sentimita 3, hata upotevu wa desibeli 3 kwa mita ni desibeli 0.09. Kiungo cha mkongo na chipu peke yake huweza kula desibeli nzima! Hapo ndipo kiini chembamba kinapostahili nafasi yake, kwa sababu doa lake pana la mwanga linakaribiana na la mkongo. Basi kiini kibaki kinene katikati ya chipu, na kichongwe taratibu hadi kiwe chembamba kinapofika ukingoni.