Mboga za Kilimo Hai Zipewe Meza Ilala

Nilipokuwa mtoto, mchicha wa nyumbani kwetu ulitoka bonde la Msimbazi, hapahapa Dar es Salaam. Umekatwa asubuhi, jioni uko sufuriani. Leo mama yangu hataki hata kuusikia, na ana haki. Mto ule unabeba maji machafu ya viwandani na majumbani, na watafiti wamekuta madini mazito kwenye mboga zinazomwagiliwa kwa maji yake.

Sasa tunakula vya mbali, vya milimani: Mgeta, Lushoto. Nasi tunazidi kuongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Mtu akiniambia soko la kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani, liko Ulaya, namuuliza: na hawa milioni tano je?

Shangazi yangu analima kabichi na karoti Mgeta, kwa samadi na mboji. Wadudu anawanyunyizia maji ya pilipili na kitunguu saumu. Ni kazi ya mgongo hasa, kuchota samadi na kupanda nayo mlimani. Halafu mzigo unapakiwa kwenye fuso usiku, kwa lumbesa, gunia lile la kujazwa kupita kipimo linalopigwa marufuku kila mwaka, na alfajiri uko soko la Ilala. Dalali anaumwaga juu ya kabichi zilizopigwa dawa juzi. Basi, jasho la msimu mzima limepotelea hapo, kwa sababu hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha.

Alama tunayo. Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha kilimo hai mwaka 2007, na bidhaa zinazokidhi hubeba alama ya Kilimohai. Hata gharama ya ukaguzi imepatiwa njia: badala ya kulipia wakaguzi wa nje, ambao mwenye nusu ekari hawawezi, wakulima wa kikundi hukaguana wenyewe shamba kwa shamba. Kwa hiyo kule shambani kazi imefanyika. Tatizo liko huku kwetu mjini. Mimi bidhaa zenye alama hiyo nimezikuta kwenye maduka ya Masaki tu, kama vile mtu wa Buguruni hana tumbo linalohitaji chakula safi.

Halmashauri ndizo zenye masoko na ndizo zinazokusanya ushuru. Zitenge meza Ilala, Mabibo na Temeke: iwe na bango, mizani, na jina la kikundi kilicholeta mzigo. Wala bei si lazima ipae. Dalali akipungua mmoja katikati, mkulima anapata chake na mlaji haumii.

Kwa sasa shangazi ananitumia kiroba kwa basi, nakipokea stendi ya Magufuli, Mbezi. Kilikuwa cha mama peke yake. Wiki iliyopita majirani watatu wamenipa hela niwaagizie na wao, mmoja wao ni mama muuza chipsi. Ijumaa vinashuka viroba vinne.